Sifa za Kiongozi wa Kanisa: Maneno na Vipimo Vyake katika Nchi ya Ufipa

I. Kusudi la makala

Katika nyaraka mbili za Agano Jipya, wa kwanza kwa Timotheo na ule kwa Tito, imo orodha ya sifa zimpasazo mtu atakaye kuwekwa kuwa kiongozi wa kanisa. Orodha hiyo ni fupi, nayo husomwa kila mahali palipo na Wakristo; lakini haisomwi kwa namna moja kila mahali. Kila nchi iliyoipokea iliipokea kwa maneno ya lugha zake, na maneno hayo yalikuwa na historia yake kabla ya kutiwa katika kazi mpya. Kadhalika kila nchi ilikuwa na watu ambao orodha hiyo iliwaangukia kwanza, wakawa ndio kielelezo cha maana yake.

Makala haya yaitazama orodha hiyo katika Ufipa, yaani uwanda wa juu ulio kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, ambao mji wake mkubwa ni Sumbawanga. Neno tunalotaka kulionyesha ni hili: orodha ile yataka mashahidi wa namna mbili, wale wenye mamlaka ya kumweka mtu katika kazi, na wale wanaokaa naye siku zote. Katika Ufipa, kwa jinsi kazi ya kanisa ilivyopangwa, ushahidi wa kwanza ulitawala katika kupatikana kwa padre na askofu, na ushahidi wa pili ulimwelemea zaidi katekista wa kijiji. Jambo hili si la historia tu. Hata leo, panapotafutwa mtu wa kuongoza kigango au jumuiya, swali ni lile lile: je, tumpime kwa cheti chake au kwa nyumba yake? Maneno yenyewe, yakichunguzwa, yaweza kutusaidia kulijibu.

II. Majina ya vyeo na asili yake

Tuanze na neno la jumla, kiongozi, litokalo katika kitenzi kuongoza. Katika siku za misafara ya karne ya 19, kiongozi alikuwa ni mtu aendaye mbele ya wapagazi. Katika misafara ya Wanyamwezi aliitwa kirangozi. Kazi yake haikuwa kutoa amri kwa mbali, bali kuikanyaga njia kwanza kwa miguu yake mwenyewe. Palipokuwa na tope, yeye alikuwa wa kwanza kuzama. Maana hiyo imefifia katika matumizi ya leo, ambapo kiongozi aweza kuwa mtu akaaye ofisini. Lakini ndiyo iliyo karibu zaidi na mafundisho ya nyaraka tulizozitaja, ambazo zataka kiongozi awe kielelezo kwanza na msemaji baadaye.

Neno askofu asili yake ni Kigiriki, episkopos, yaani mwenye kuangalia au kusimamia. Limetufikia kwa njia ya Kiarabu, usquf. Safari hiyo ndefu imelipotezea uwazi wake: Mgiriki wa zamani alipolisikia alisikia kitendo cha kuangalia, na Mswahili alisikiapo asikia cheo. Watafsiri wa Biblia ya Muungano, iliyotoka kamili mwaka 1952, waliliweka askofu katika waraka kwa Timotheo. Lakini katika Matendo ya Mitume, sura ya 20, ambapo Kigiriki kina neno lile lile, waliandika waangalizi. Nao waangalizi hao, aya chache kabla, wametajwa kuwa wazee. Basi msomaji wa Kiswahili aona majina matatu yaliyo mbalimbali, hali katika Kigiriki watu walioitwa wazee na waangalizi ni wale wale. Asipoambiwa, atadhani kwamba sifa za sura ya 3 zamhusu askofu peke yake, na kwamba mzee wa kanisa wa kijijini hazimgusi.

Kasisi ni neno la Kiarabu, qissis, ambalo nalo latoka katika Kisiria, na maana yake ya asili ni mzee. Kwa hiyo kasisi si mwingine ila ni mzee aliyevaa nguo ya kigeni. Shemasi ni shammas wa Kiarabu, naye pia ametoka katika Kisiria, na maana yake ni mtumishi. Padre ni neno la Kireno, maana yake baba. Hapa lugha imefanya jambo la kupendeza. Kwa kuwa maana ya Kireno haikusikika tena, wasemaji wa Kiswahili wameongeza neno lao wenyewe, wakawa wanasema Baba Padre, na vivyo hivyo Baba Askofu. Anayesema Baba Padre amesema baba mara mbili, mara moja kwa Kireno na mara moja kwa Kiswahili. Lakini si upotevu wa maneno. Ni haja ya kumtia mtu huyu katika ukoo. Tutairudia habari hii tutakaposema juu ya nyumba.

Mchungaji, jina litumiwalo zaidi na makanisa ya Kiprotestanti, ni neno letu kabisa. Katika nchi ya wafugaji kama Ufipa halihitaji kufafanuliwa: mchungaji hujulikana kwa hali ya ng'ombe wake, wala si kwa fimbo aliyoishika.

Limebaki neno katekista. Asili yake ni kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kufundisha kwa mdomo, kama sauti iliayo sikioni. Lakini kwa muda mrefu watu walimwita mwalimu tu, kwa kuwa katika vijiji vingi aliyefundisha sala ndiye aliyefundisha pia kusoma. Shule za serikali zilipozidi, kazi hizo mbili zikaachana, na jina la mwalimu likaenda zaidi kwa mtu wa shule. Katekista akabaki na jina geni, na kwa machoni pa wengine akaonekana kuwa amepungukiwa heshima.

Mwisho, neno lenyewe la cheo. Wakatoliki huiita sakramenti ya kuwaweka mashemasi, mapadre na maaskofu Sakramenti ya Daraja. Daraja kwa Kiarabu ni ngazi au kipandio. Kwa Kiswahili ni pia kile kivushacho watu mtoni. Mwenye kulisikia kwa maana ya kwanza atafikiri juu ya kupanda, na mwenye kulisikia kwa maana ya pili atafikiri juu ya kukanyagwa ili wengine wavuke. Waraka kwa Timotheo hauna neno lolote la kupanda mahali hapo. Wasema kwamba atakaye uaskofu atamani kazi, na kazi iliyo njema.

III. Sifa zenyewe

Mtu akizihesabu sifa zilizotajwa katika waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 3, ataona jambo moja lililo wazi: ila uwezo wa kufundisha, na kwa sehemu usimamizi wa nyumba, zote ni sifa za tabia. Hapana neno juu ya ukoo, wala mali, wala ufasaha wa kusema mbele ya watu. Tutazitazama chache ambazo Kiswahili kimezieleza kwa namna inayostahili kuangaliwa.

Ya kwanza, iliyo kama mlango wa zote, ni kuwa mtu asiyelaumika. Neno la Kigiriki, anepilemptos, latoka katika kitendo cha kushika: ni mtu ambaye adui hapati mahali pa kumshika. Kiswahili kimechagua kauli ya kutendeka, na uchaguzi huo ni wa busara. Asiyelaumiwa ni mtu ambaye watu hawamlaumu, labda kwa sababu wamwogopa au hawamjui. Asiyelaumika ni mtu ambaye lawama, hata ikitupwa, haishiki. Tofauti ya silabi moja yatenga heshima ya nje na uaminifu wa ndani.

Ya pili ni kuisimamia nyumba. Kigiriki kina proistemi, yaani kusimama mbele. Kiswahili kina simamia, yaani simama kwa ajili ya kitu au juu ya kitu. Mara chache hutokea lugha mbili zisizo na undugu zikapatana hivyo katika picha moja. Kusimamia si kutawala, aliyeketi hasimamii.

Ya tatu ni ukaribishaji. Kigiriki chasema philoxenos, mwenye kumpenda mgeni. Kiswahili kingeweza kusema mkarimu, lakini mkarimu aweza kutoa kwa mkono ulionyoshwa mbali. Mkaribishaji, kwa asili ya neno lake, amleta mgeni karibu.

Ya nne ni kwamba asiwe mtu aliyeongoka juzi. Kigiriki kina neophytos, yaani mche uliopandwa sasa hivi. Kiswahili kimeieleza maana lakini kimeuacha mche wenyewe, nasi twaweza kusikitika kidogo, maana mkulima yeyote wa Ufipa angalielewa mara moja kwamba mche mpya hautundikwi mzigo.

Ya tano, iliyo ya mwisho katika orodha, ni kwamba mtu ashuhudiwe vema hata na wale walio nje ya kanisa. Sifa hii ni ya ajabu kidogo, kwa kuwa yawapa sauti watu wasio na kura. Tutaona jinsi ilivyo nzito.

IV. Mche mpya: Karema na uwanda wa Ufipa

Mwaka 1885 Wamisionari wa Afrika, waitwao Mapadre Weupe kwa ajili ya kanzu zao, walikabidhiwa ngome ya Karema iliyo pwani ya mashariki ya Ziwa Tanganyika. Ngome hiyo ilikuwa imejengwa na Wabelgiji wa Chama cha Kimataifa cha Afrika, walioanza kazi huko mwaka 1879. Karema haimo katika uwanda wa Ufipa, na leo imo katika Mkoa wa Katavi. Lakini ndiko ilikotoka kazi ya kanisa Katoliki iliyopanda mpaka Ufipa. Askofu Adolphe Lechaptois aliiongoza kazi hiyo tangu mwaka 1891 mpaka alipofariki mwaka 1917, naye aliandika kitabu juu ya nchi hizo na watu wake, kilichochapwa mwaka 1913.

Mwanzilishi wa shirika hilo, Kardinali Charles Lavigerie, alikuwa ameweka kanuni ambayo yapatana sana na habari ya mche mpya. Mtu aliyetaka ubatizo alipaswa kungoja muda usiopungua miaka 4: miaka 2 ya kujifunza mambo ya kwanza, na miaka 2 ya ukatekumeni wenyewe. Kanuni hiyo aliitoa katika desturi za kanisa la kale. Wengi waliiona kuwa ni ndefu mno. Lakini matokeo yake moja yalikuwa haya: kabla mtu hajabatizwa, licha ya kupewa kazi yoyote, majirani zake walikuwa wamekwisha kumtazama kwa miaka 4. Waliona kama aliwaacha wake wa ziada au aliwaficha, kama alilipa deni, kama alipatana na ndugu zake. Wamisionari walikuwa wachache na wageni; hawakuweza kuyaona hayo yote kwa macho yao. Hapana budi kwamba katika mambo mengi walitegemea habari za watu wa kijiji.

Kielelezo kijulikanacho zaidi cha siku hizo ni Adrian Atiman. Huyu alizaliwa karibu na Timbuktu, katika Afrika ya Magharibi, akatekwa utumwani alipokuwa mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe katika Afrika ya Kaskazini. Lavigerie alimpeleka Malta, ambako vijana wa Kiafrika walifundishwa uganga wa Kizungu ili wawe madaktari na makatekista kwa pamoja. Atiman alifika Karema mwaka 1889, akaa huko mpaka kufa kwake mwaka 1956. Mwaka 1946 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapa habari za maisha yake alizozieleza mwenyewe.

Tumtazame Atiman kwa orodha yetu. Hakuwa padre wala shemasi. Hakuwa mzaliwa wa nchi. Alikuwa mgeni kuliko mgeni. Elimu yake ilikuwa kubwa kwa wakati ule. Lakini elimu peke yake isingalimpatia heshima aliyokuwa nayo kando ya ziwa. Alioa huko, akakaa na mke wake, na mwanawe Joseph akawa padre. Kwa miaka zaidi ya 60 watu waliokuja na vidonda vyao waliona jinsi alivyoamka usiku, jinsi alivyosema na maskini, na jinsi alivyoisimamia nyumba yake. Cheti cha Malta kilimfikisha Karema. Aliyoyatenda Karema ndiyo yaliyomfanya kuwa kiongozi.

V. Nyumba kama kipimo

Waraka kwa Timotheo waleta hoja iliyo rahisi: asiyejua kuisimamia nyumba yake ataliangaliaje kanisa? Hoja hiyo yamfaa mtu mwenye mke na watoto. Katika kanisa Katoliki la Kilatini padre na askofu hawaoi. Basi katika Ufipa, kama mahali pengine pengi, kipimo cha nyumba kilimwendea katekista.

Mapadre walikaa katika misheni, wakivizungukia vijiji kwa zamu. Katekista alikaa kijijini. Siku za Jumapili ambazo padre hakuwapo, ndiye aliyeongoza sala katika kigango. Ndiye aliyefundisha watoto, aliyewaandaa wagonjwa kwa kifo, na aliyemwarifu padre mambo ya waumini. Alikuwa na shamba kama wenzake, na mke wake aliteka maji kisima kimoja na wake wa wenzake. Mambo ya nyumba yake hayakufichika. Akiwa na mke wa pili kijiji cha jirani, ilijulikana kabla ya padre kujua. Kwa sababu hiyo sifa ya kuwa mume wa mke mmoja, ambayo wataalamu wameijadili sana maana yake katika Kigiriki, katika vijiji haikuwa na shida ya tafsiri: ilikuwa ni jambo la kuonekana kwa macho.

Na padre je? Katika jamii za Kiafrika kwa jumla, mtu mzima asiye na mke wala mtoto ni fumbo. Kathleen Smythe, katika kitabu chake juu ya jamaa za Kifipa na uinjilishaji wa Kikatoliki katika Nkansi, kilichotoka mwaka 2006 na kuhusu miaka ya 1880 hadi 1960, ameonyesha kwamba mambo ya dini na mambo ya ukoo katika Ufipa hayawezi kutazamwa mbalimbali. Hapa ndipo neno Baba katika Baba Padre lapata uzito wake. Mtu asiye na nyumba amepewa jina la mwenye nyumba, na kwa jina hilo amepewa pia wajibu wake. Watu humpima kwa nyumba nyingine: je, mlango wake u wazi? Je, ajua majina ya watoto? Je, agawa sawa, au anao wapendwa wake? Nyumba ya padre ni parokia. Nyaraka zenyewe zaruhusu kipimo hicho, maana zaliita kanisa nyumba ya Mungu. Vivyo hivyo kwa watawa wa kike, kama Masista wa Maria Malkia wa Afrika, walioanzia Karema: waliacha nyumba za wazazi wao, na watu waliwaita na wawaita ndugu na mama.

Lakini tofauti moja ilibaki. Padre aliyeshindwa katika nyumba hiyo aliweza kuhamishwa na askofu bila kijiji kuulizwa. Katekista aliyeshindwa alibaki jirani ya watu waliomwona akishindwa. Ushahidi wa majirani ulimfuata mpaka uzee.

VI. Pombe, ugomvi na fedha

Sifa nyingine tatu zaonyesha jinsi orodha ya kale igusavyo maisha ya uwandani. Kwanza ni habari ya kilevi. Askofu asiwe paroinos, neno ambalo kwa asili lamtaja mtu akaaye kando ya mvinyo. Ufipa hakuna desturi ya mvinyo, lakini ipo pombe ya ulezi, nayo ilikuwa na hata sasa ina sehemu yake katika kazi za ushirika, harusi na matanga. Makanisa mengine yamekataza pombe kabisa. Kanisa Katoliki halikufanya hivyo, bali limekataza ulevi. Neno la Kigiriki laweza kuwasaidia wote wawili, kwa kuwa halisemi juu ya kikombe bali juu ya mahali mtu anapokaa. Kiongozi aliyekunywa pamoja na waliomlimia, kisha akaenda zake, si sawa na yule ambaye, akitafutwa kwa mgonjwa, hupatikana daima penye mtungi.

Pili, asiwe mpigaji wala mgomvi. Sifa hii ilipata udongo uliotayarishwa. Roy Willis, mtaalamu wa elimu ya jamii aliyefanya utafiti katika Ufipa katika miaka ya 1960, aliandika makala mwaka 1989 juu ya fumbo la amani katika Ufipa, akiuliza jinsi watu waliojua vita katika karne ya 19 walivyopata kusifika kwa upole na kwa kupenda maongezi. Katika jamii ya namna hiyo, kiongozi wa kanisa mwenye kupaaza sauti au kuinua mkono hupoteza zaidi kuliko anavyodhani. Mahali pengine angesemwa kuwa ni mkali. Hapa husemwa kwamba hajui kuishi na watu.

Tatu, asiwe mpenda fedha. Zaka, sadaka na michango ya kujenga hupita mikononi mwa viongozi wa kigango. Posho ya katekista kwa kawaida ni ndogo, na shamba lake hungoja huku yeye akitumikia. Kwa hiyo sifa hii si ya kuhubiriwa kwa maskini peke yake. Wenye mamlaka wanaomtaka katekista asipende fedha, huku wakimwacha bila riziki, wameitimiza nusu moja tu ya agizo. Maana waraka ule ule, katika sura ya 5, wataka mtenda kazi apewe ujira wake.

VII. Ushuhuda wa walio nje

Jina la Sumbawanga aghalabu huelezwa kuwa ni neno la Kifipa lenye maana ya kutupa uchawi. Jina hilo lakumbusha kwamba hofu ya uchawi ilikuwa sehemu ya maisha ya nchi, nayo haikukoma kwa ubatizo. Katika mambo ya namna hiyo, kiongozi wa kanisa hutazamwa na watu wote, Wakristo na wasio Wakristo. Je, mwanawe akiugua, afanya yale ayafundishayo? Je, jirani akishtakiwa kwa uvumi, atamtetea au atanyamaza? Walio nje hawamjui kwa mahubiri yake, kwa sababu hawaji kuyasikiliza. Wamjua kwa matendo yake siku ya taabu. Ndiyo sababu ushuhuda wao ni wa thamani: hawana sababu ya kumsifu.

Ushahidi huu wa majirani ulipata mahali rasmi katika jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Maaskofu wa Afrika ya Mashariki, katika mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976, walizifanya jumuiya hizo kuwa msingi wa kazi ya kichungaji. Jumuiya ni nyumba chache za mtaa mmoja zikutanazo kwa sala na kusaidiana, na kiongozi wake huchaguliwa na wanajumuiya wenyewe. Mara nyingi huwa ni mwanamke. Hapa kipimo cha kijiji, ambacho zamani kilimhukumu katekista baada ya kuwekwa, chapewa nafasi ya kusema kabla ya mtu kuwekwa.

VIII. Sheria na elimu

Isidhaniwe kwamba twadharau ushahidi wa kwanza, ule wa mamlaka na elimu. Ufipa yenyewe ni shahidi wa matunda yake. Seminari ya Kaengesa katika Ufipa na Seminari Kuu ya Kipalapala karibu na Tabora zimewalea mapadre wengi. Mwaka 1958 Charles Msakila aliwekwa kuwa askofu wa Karema, Mwafrika wa kwanza katika kiti hicho. Mwaka 1969 makao ya jimbo yalihamia Sumbawanga, na jina la jimbo likabadilika. Polycarp Pengo, aliyezaliwa Mwazye mwaka 1944, alipata kuwa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam mwaka 1992 na Kardinali mwaka 1998.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yataka askofu awe na imani thabiti, maadili mema, bidii, hekima na busara, awe na sifa njema kwa watu, umri usiopungua miaka 35, upadre wa miaka 5 kwa uchache, na shahada ya juu katika Maandiko, teolojia au sheria ya kanisa, au ujuzi wa kweli katika elimu hizo. Padre apaswa kuwa na umri wa miaka 25. Mtu akilinganisha sheria hiyo na waraka kwa Timotheo ataona kwamba sifa za tabia zimo zote mbili. Lakini umri, miaka na shahada ndivyo viwezavyo kuhesabika, na kilicho rahisi kuhesabika huelekea kupewa uzito zaidi. Hiyo ndiyo hatari ya kila orodha.

Kanisa la Moravian, ambalo lina jimbo lake katika Rukwa, lafuata utaratibu mwingine. Kwao askofu huchaguliwa na sinodi, na kazi yake ni ya kiroho, ya kuombea na kuwabariki watumishi, si ya kutawala. Usimamizi wa jimbo hushikwa na halmashauri iliyochaguliwa. Hivyo neno moja la Kiswahili, askofu, katika mji mmoja wa Sumbawanga lina maana mbili zisizo sawa. Mwandishi wa kamusi hana budi kuliangalia jambo hilo.

Mwaka 2021 Papa Fransisko aliianzisha rasmi huduma ya katekista, kwa wanaume na wanawake walei, itolewayo kwa ibada maalumu na askofu. Kwa njia hiyo kazi iliyofanywa vijijini kwa zaidi ya karne moja imepewa heshima ya jina. Lakini pamoja na heshima huja masharti ya masomo, na ndipo swali letu lirudipo.

IX. Hitimisho

Tuseme kigango kimoja cha uwandani kinatafuta katekista. Wako watu wawili. Mmoja amemaliza masomo na ana cheti, lakini kijiji hakijamjua. Wa pili hana cheti, lakini watu wamemwona kwa miaka 20 akiwafikia wagonjwa, akilipa madeni yake, akiishi na mke wake kwa amani, na wasiosali humwita wawapo na ugomvi wa kuamuliwa. Waraka kwa Timotheo hautuambii tuitupe elimu, maana uwezo wa kufundisha umo katika orodha. Lakini watuonyesha mpango wa mambo. Elimu yaweza kuongezwa kwa mtu wa pili katika miaka miwili. Ushuhuda wa miaka 20 hauwezi kuongezwa kwa mtu wa kwanza kwa muda huo, wala chuo chochote hakiutoi. Yeye apewe nafasi ya kukaa, ajulikane, kisha aulizwe tena.

Ndiyo maana waraka wataka mashemasi wajaribiwe kwanza, ndipo watumike. Mpango huo, katika Ufipa, ulitunzwa zaidi na wale walioitwa wadogo: katekista na mke wake, katika nyumba iliyo wazi kwa kijiji kizima. Wakubwa wa kanisa wakitaka kujua maana ya asiyelaumika, wasitafute katika kamusi peke yake. Waulize majirani wa katekista.